Umenunua thieta ya zamani Malindi? Soma hii kabla hujamuita fundi wa bango

Majumba ya zamani hapa pwani yanauzwa kila kukicha, leo la mzee fulani kesho unaskia limechukuliwa na kampuni ya watu watatu hujui hata wametokea wapi, na kitu cha kwanza mwenyewe mpya anafanya, hata kabla hajajua maji ya choo yanaenda wapi, ni kumuita fundi wa bango aje apake jina jipya juu ya mlango. Alafu miezi inapita watu bado wanaita kwa jina la zamani, biashara hamna, na yeye analalamika ati watu wa Malindi hawapendi maendeleo.

Haya maelezo ni ya yule aliyenunua, au yuko mbioni kununua, ukumbi wa zamani wa sinema au maigizo mjini na anataka kuubadilisha jina na kuupa kazi nyingine. Nimeandika kwa Malindi mana ndo ninakofanyia shughuli zangu za kumbi, mtu wa Lamu atayatumia pia ila kwake kuna mambo ya ziada nitayataja njiani. Msimamo wangu ni mmoja, kazi kwanza jina baadaye. Jumba likishakuwa na kazi watu wanayoijua na wanayoihitaji, jina utalibandika hata kwa mate. Likiwa halina kazi, paka jina la dhahabu na bado wataliita "pale palipokuwa sinema".

Kama unabisha angalia Kasarani. 2013 Safaricom walilipia uwanja uwe na jina lao, bango likawekwa, matangazo yakasomwa, lakini ni abiria gani umewahi kumsikia kwa matatu akimwambia makanga nishushe Safaricom Stadium? Ni Kasarani tu. Na raundabauti ya Globe pale pale Nairobi, sinema yenyewe ilishafungwa zamani na kuna vijana wanapita hapo kila siku hawajui kama kulikuwa na filamu, lakini jina liko palepale.

Mwanzo, umenunua nini hasa?

Watu wa bara hapa huwa wanachanganyikiwa. Pwani mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Yani kuta zake, mabati yake, milango yake, ila kiwanja kina mwenyewe na anamlipa kodi ya kiwanja. Ni desturi ya miaka mingi kwenye mitaa ya zamani na haina ubaya ukiwa unajua, ubaya ni pale unapouziwa jumba ukadhani umenunua mpaka udongo. Kwa hivo search ya ardhi, yani kuangalia rekodi ni ya nani, ifanywe na wakili wako wewe, sio wakili wa muuzaji, sio broka, na sio binamu yake anayefanya kazi karibu na ofisi ya ardhi. Kama kiwanja ni cha mtu mwingine, hata kibali cha kubadilisha matumizi hutapata bila yeye kukubali, na hapo ndo anakumbuka kupandisha kodi.

Uliza pia kama ni wakfu, yani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au jamii. Kuna majumba na viwanja vingi Malindi na Lamu viliwekwa wakfu na wazee, na mali ya wakfu haiuzwi, mwisho wa maneno. Anayekuuzia anaweza kuwa mjukuu mwenye nia safi kabisa ambaye hajui babu yake aliandika nini. Kamisheni ya Wakfu iko Mombasa, tuma mtu aende akaulize kabla hujatoa hata shilingi, ni safari ya asubuhi na kurudi jioni.

Kama wewe ni mgeni, na Malindi hapa Waitaliano ni wengi kwa hivo nasema wazi, katiba ya 2010 kifungu cha 65 inasema asiye raia anapata ardhi kwa lisi tu, yani kukodi kwa muda, na isizidi miaka 99. Na usidanganywe kwamba ukifungua kampuni umepita mlango wa nyuma, kampuni inahesabiwa ni ya raia ikiwa hisa zote ni za raia, zote, sio nusu wala sio asilimia 51. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani, uweke kwenye hesabu mapema, na muuzaji akupe cheti cha kaunti kwamba hadaiwi reti, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka. Madeni ya reti ya majumba ya zamani yanatisha, kuna mengine yamelimbikizana toka wakati wa manispaa kabla kaunti hazijaanza 2013.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliulizi. Je, umenunua jumba au umenunua na jina? Ni vitu viwili. Jina la biashara linaweza kuwa limesajiliwa na muuzaji au na kampuni yake, na kama mkataba haukutaja basi jina limebaki kwake, anaweza kwenda kulibandika ukumbi mwingine mtaa wa pili na wateja wakamfuata. Hata kama unapanga kulibadilisha, andikeni kwenye mkataba kwamba jina la zamani unaruhusiwa kulitumia kwenye matangazo kwa muda, utaona huko mbele kwa nini. Andikeni pia habari ya depositi, mana kuna bibi harusi mahali ashalipia tarehe yake kwa mwenye jumba wa zamani, na siku ikifika atakuja kwako na mama yake na mashangazi zake, hawatakwenda kumtafuta muuzaji. Na kama kuna wafanyakazi, mlinzi aliyekaa hapo umri wake wote, fundi stima, mama wa kufagia, kubalianeni nani anawalipa haki zao.

Zunguka ndani kabla ya kuota ndoto

Ingia na tochi, na fundi wa kweli, na mtu mmoja mzee aliyekuwa anaenda hapo ujanani. Fundi atakuonyesha jumba na mzee atakwambia lilivyokuwa likitumika, mlango gani wanawake walikuwa wanaingilia, wapi maji yalikuwa yanaingia masika.

Sakafu ndo kitu cha kwanza. Sinema nyingi na thieta nyingi sakafu imeinama kuelekea jukwaani ili wa nyuma waone. Mwenyewe mpya anataka ukumbi wa harusi kwa hivo anasema tujaze tu tusawazishe. Haya piga hesabu nami. Ukumbi wa urefu wa mita 20, sakafu inashuka sentimita 10 kila mita, basi kule mbele imeshuka mita 2 kuliko nyuma. Ukiwa na upana wa mita 12, kujaza mpaka isawazike ni mita za ujazo 240 za kifusi, hapo sijataja zege ya juu. Ni lori kwa lori kwa lori. Alafu huo mzigo wote unasukuma kuta kwa pembeni, kuta ambazo hazikujengwa kuzuia kifusi, na unyevu unapanda. Na jukwaa lako lililokuwa limeinuka sasa limezama, limekuwa shimo.

Afadhali ufanye mabaraza, yani ngazi pana za mita 2 au 3 kila moja, bapa, zinashuka taratibu. Kila baraza inabeba safu ya meza au viti, wa nyuma wanaona, jukwaa limebaki juu, na kifusi kinachohitajika ni kidogo sana. Weka na njia ya mteremko pembeni kwa wenye viti vya magurudumu na kwa wale vijana wanaosukuma masufuria ya pilau, hao usiwasahau, sufuria ya pilau ya harusi kwa ngazi ni ajali inayosubiri.

Paa sasa. Popo watakuwepo, hilo usiulize, utaskia harufu kabla hujaona kitu. Wafunge njia zao za kuingilia wakiwa wametoka jioni, na mavi yao usifagie makavu bila barakoa, yaloweshwe maji kwanza. Kama paa ni ya zile bati nene za kijivu za asbesto, za miaka ile ya zamani, hapo simama kabisa. Usimwambie fundi apande na nyundo. Vumbi lake ni sumu ya mapafu na NEMA, wale wa mazingira wa serikali, wana utaratibu wao wa nani anaruhusiwa kuitoa na inazikwa wapi. Itakugharimu, ndio, lakini ndo ilivyo. Kama ni mabati ya kawaida angalia misumari, hewa ya bahari inaanza kula msumari kabla ya bati, unaona bati zima kumbe limekaa juu kwa mazoea tu, na kusi ikianza kuvuma linaruka mpaka barabarani.

Kuta zikiwa za mawe ya matumbawe na chokaa, usikubali fundi azipige plasta ya simenti. Mawe yale yana chumvi na yanapumua, simenti inafungia unyevu ndani, baada ya masika plasta inavimba na kuanguka vipande vipande, alafu watu wanasema jumba lina jini. Tumia chokaa. Mafundi wa chokaa wapo Lamu, walipe nauli, watakufanyia kazi itakayodumu.

Stima ing'olewe yote iwekwe mpya, sibishani na mtu hapo. Milango ya kutokea ifunguke kwenda nje sio ndani, na iwe zaidi ya mmoja. Vyoo hesabu vya wanawake vingi kuliko vya wanaume, fikiria wanawake mia tatu waliovaa wakapambwa wakasimama foleni ya vyoo viwili, jina la ukumbi wako litaharibika usiku huo huo.

Kibali cha kubadilisha matumizi

Ardhi ina matumizi yake kwenye karatasi, na kama ilikuwa ya burudani na wewe unataka maduka au shule au zahanati, lazima uombe. Sheria ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 na anayetoa kibali ni kaunti, kwa Malindi ni Kilifi. Unatafuta mpangaji miji aliyesajiliwa, anakuandalia maombi, notisi inatoka gazetini na inabandikwa pale pale kwenye jengo, wenye pingamizi wanapewa siku 14.

Watu wanaiogopa ile notisi wanaibandika kwa ndani au nyuma ya mti. Mimi nasema fanya kinyume, ibandike wazi alafu kabla hata haijabandikwa zunguka wewe mwenyewe kwa majirani, kwa imamu wa msikiti wa karibu, kwa mzee wa mtaa, kwa wale kina mama wanaouza viazi karai na mabuyu pale nje, uwaambie nimenunua, nataka kufanya hivi, mnaonaje. Sio adabu tu, mana mtu aliyeambiwa mapema anakuja na ombi, na yule aliyekuta karatasi ukutani anakuja na wakili. Ombi lenyewe mara nyingi ni dogo. Msikiti watakwambia muziki ukatike wakati wa adhana na Ijumaa mchana msipige kabisa. Kubali. Kina mama watataka wasifukuzwe. Kubali pia, ukumbi usio na viazi mlangoni nani anautaka?

Habari ya kelele, kanuni za NEMA za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, kwa hivo kama kazi yako ni muziki panga mapema kuziba madirisha ya upande wa nyumba za watu na uelekeze spika ndani. Ukionyesha filamu unahitaji leseni ya KFCB, bodi ya filamu. Ukipiga nyimbo za wasanii kuna leseni ya hakimiliki, waulize KECOBO, bodi ya hakimiliki, ni chama gani kimeruhusiwa kukusanya mwaka huo, usilipe mtu yeyote anayekuja mlangoni na kitambulisho cha shingoni.

Jumba likiwa la zamani sana au liko karibu na msikiti wa Juma na yale makaburi ya nguzo, pita kwanza ofisi za makumbusho ya taifa. Na Lamu ndo usithubutu kugusa kitu, mji wa kale wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka 2001, hata mlango hubadilishi kiholela. Sioni kama ni mzigo huo. Ngome ya Lamu ilimalizwa 1821, 1910 ikageuzwa jela, ikakaa jela mpaka 1984, sasa ni makumbusho na watu wanafanyia shughuli zao. Imefanya kazi ngapi ile ngome, na imebaki ngome.

Iwe nini sasa?

Hapa ndo penye maneno. Wengi wanaonunua wanawaza maduka, kugawa ukumbi vibanda ishirini na kukusanya kodi kila mwezi. Naelewa, kodi ya kibanda ni pesa inayoonekana. Lakini mji huu vibanda vimejaa, na ukumbi mkubwa wenye jukwaa ndani ya mji hauongezeki. Ukishaukata vipande hutaurudisha. Kama unataka maduka, yafanye kwa mbele, pale palipokuwa dirisha la tikiti na veranda, ukumbi wenyewe uache mzima.

Alafu chukua kalenda ya mji uipange kazi juu yake. Harusi ndo mgongo wa ukumbi wowote hapa. Harusi za Kiislamu zinajaa kabla ya Ramadhani, Rajabu na Shaabani, alafu zinafunguka tena mfungo mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Krismasi na Pasaka unapata za Wakristo, na Disemba watu wa bara wote wako chini huku. Shule zinataka ukumbi mkubwa wa kuonyeshea michezo ya vitabu vya fasihi, yale makundi yanayozunguka na kuigizia wanafunzi wa sekondari, hayo yanakuja asubuhi siku za wiki wakati ukumbi umekaa bure. Mahafali ya vyuo. Mikutano ya mashirika, hao wanalipa vizuri ila wanalipa polepole. Usiku wa taarab. Vikundi vya Wagiriama vya ngoma na maigizo vinatafuta mahali pa kufanyia mazoezi, wape siku za Jumatatu na Jumanne kwa bei ndogo au hata bure, mana hao ndo watakaokujulisha mjini na ndo waliokuwa hapo kabla yako.

Kwa harusi za wanawake kuna mambo usipoyaweka hawarudi. Usiku wa kupamba wanawake wamevua mabuibui, wamevaa, wamejirembesha, hawataki jicho la mwanamume wala kamera. Kwa hivo mlango wa wanawake uwe upande wake na kizuizi kirefu ndani ya mlango ili mtu wa barabarani asipige chabo, madirisha yawe juu au ya mashrabia, zile mbao za vitundu, kuwe na chumba cha bibi harusi chenye kioo kikubwa na choo chake na AC inayofanya kazi kweli, na mtu wa spika awe mwanamke au kibanda chake kiwe nje kabisa. Kile chumba cha projekta cha sinema, kile kidogo juu nyuma chenye vile vitundu viwili, watu wanakivunja, mimi nakipenda sana. Weka mitambo ya sauti humo, ziba vitundu kwa kioo cha rangi, na kama projekta ya zamani bado ipo iache mlangoni watu wapige nayo picha. Chuma kizito kama kile ukimuuzia wa skrapu utapata pesa ya chai.

Mpe mji miezi kadhaa atumie ukumbi hivyo hivyo ulivyo, na jina la zamani. Usione haya. Jina ambalo watu wanalijua ni tangazo la bure.

Jina lenyewe

Sasa ukumbi una watu, kaa chini utafute jina. Jaribio langu ni la tuktuk. Msimamishe dereva asiyekujua, mwambie nipeleke mahali fulani, taja jina unalolifikiria. Kama amekuuliza mara mbili, jina ni refu au linamkwaza ulimi. Neno moja, mawili kwa shida. Litamkike na Mgiriama wa Ganda, Mswahili wa Shella, na Mtaliano wa Casuarina bila kuvunjwa.

Usichukue majina ya kifahari yaliyozagaa dunia nzima. Majestic kwa mfano, Unguja kuna Majestic iliyojengwa 1955, Tanga kulikuwa na Majestic, Chicago huko Marekani nako kulikuwa na Majestic. Na hiyo ya Chicago ndo darasa lenyewe. Ilifunguliwa 1906, ikafungwa miaka mingi, ikafunguliwa 1945 kwa jina la Shubert, alafu mabenki yakaingia, ikawa LaSalle Bank Theatre, ikawa Bank of America Theatre, ikawa PrivateBank Theatre, na toka 2017 ni CIBC Theatre. Benki ikimezwa na benki nyingine au mkataba ukiisha, bango linashuka. Wenzetu wana pesa za kutangaza upya kila mara, wewe unazo? Kampuni ikikufuata na pesa za jina mpe jina la jukwaa, au la msimu, au la kiyoyozi akitaka, jina la jumba baki nalo.

Jina la mwanasiasa aliye madarakani, hapana. Akianguka ameanguka na bango lako, na wapinzani wake hawakodi kwako. Jina la marehemu aliyependwa, msanii au mwalimu wa mji, ni zuri sana lakini nenda kwa familia, kwa wakubwa wa familia, sio kwa kijana mmoja uliyekutana naye maskani, na mkubaliane kwa maandishi. New York 2022 thieta ya Brooks Atkinson ikapewa jina la Lena Horne, na watu wakalipokea mana walikuwa wanamjua, hakuna aliyelazimika kueleza huyo ni nani.

Jina lako mwenyewe? Ukumbi wako, pesa zako. Ila jua kwamba siku mkigombana na mtu mjini, amegombana na ukumbi.

Mimi ningechagua jina linaloshika kitu kilichopo. Mti uliopo nje, mtaa, baraza, upepo. Angalia Mkunguni, ule uwanja pale mbele ya ngome Lamu wenye jina la mti wa mkungu, nani alifanya mkutano wa bodi kulichagua jina lile? Leta majina matatu uyapeleke kwa wale wa vikundi vya maigizo, kina mama wa nje, na wapiga picha wa harusi, uone lipi wanaanza kulitumia bila kukumbushwa.

Makaratasi ya jina ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Unaingia eCitizen, huduma za usajili wa biashara, unatafuta kama jina lipo huru, likipatikana unalihifadhi, kwa kampuni hiyo hifadhi ni ya siku 30 kwa hivo usihifadhi kabla hujawa tayari. Kama ni kampuni yako ndo inabadilisha jina, wenye hisa wanapitisha azimio na msajili anatoa cheti kipya. Kama kampuni inabaki na jina lake na ukumbi ndo una jina jingine, sajili jina la biashara tu, inatosha. Ukitaka mtu mwingine asiliibe liandikishe alama ya biashara KIPI, ofisi ya serikali ya alama hizo, inakulinda miaka 10 na unaweza kuihuisha.

Baada ya hapo kuna mlolongo wa KRA, benki, stima, maji, leseni ya biashara ya kaunti, bima. Wa kwanza kabisa uwe jina linalotokea kwenye Till ya M-Pesa. Mtu akilipa depositi ya elfu ishirini alafu meseji ikarudi na jina asilolijua, moyo unamruka, anaanza kupiga simu kwa shangazi yake aliyemwelekeza, na wewe umeshaonekana mwizi bila kosa. La pili ni ramani ya Google, badilisha jina lakini usifute ile pini ukaweka mpya, ukifanya hivyo umepoteza picha na maoni ya watu ya miaka yote.

Bango na siku ya kufungua

Kabla ya kupaka angalia juu ya mlango vizuri. Majumba ya miaka ya 50 mara nyingi jina lilijengwa kwa plasta, herufi zimeinuka ukutani, zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka huzioni, lakini jua la saa kumi likipiga ukuta kwa upande unaona vivuli vya herufi vinajitokeza. Usizichonge. Zipake rangi moja na ukuta uziache, bango lako liweke chini yake au pembeni, herufi zisimame mbali kidogo na ukuta ili maji ya mvua yapite nyuma. Chuma cha kawaida hapa kinalia kutu msimu mmoja na machozi yake mekundu yanateremka ukutani, tumia alumini au mbao nzuri iliyopakwa mafuta. Bango la nje linalipiwa kaunti, liingize kwenye leseni, wakija kukagua wakukute nayo.

Mwaka wa kwanza kila tangazo, kila kadi, kila posta iandike jina jipya na chini yake kwa herufi ndogo "zamani" na jina la kale. Ndo mana nilisema muandikiane ruhusa na muuzaji. Siku utakaposikia mtangazaji wa redio ya mji anataja jina jipya peke yake bila kuambiwa, toa ile "zamani".

Tarehe ya kufungua usiiweke Ramadhani na usiiweke katikati ya masika, Aprili na Mei barabara za ndani zimejaa maji na tuktuk hazifiki. Usianze na sherehe ya wakubwa yenye hotuba na viti vya mbele vilivyofungwa utepe. Anza na Jumamosi ya bure, mchana watoto na maigizo, jioni taarab, milango wazi, watu waingie wajue vyoo viko wapi. Na weka kijana mlangoni na daftari la tarehe, mana kabla ya saa tatu usiku kuna mama ataulizia Ijumaa ya mwisho ya Shaabani iko wazi au imeshachukuliwa.